Ploti Yangu ya Milango Miwili Miwili

Mimi ni injinia wa madaraja. Miaka mingi nimelipwa kuwaza jinsi vitu vitakavyovunjika, na niliponunua ploti ya vyumba vya mabati vya kupangisha pale mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, niliamini kichwa hicho kingenifanya landilodi wa ajabu. Kweli kilinifanya wa ajabu, ila si kwa maana niliyotaka.

Nililelewa Mashimoni, Kibera. Nikiwa mdogo, moto ulishika nyumba za jirani na wote tukasukumana kwenye kichochoro kimoja; mama alinitoa akinivuta shati. Kwa hivyo nilipobomoa mabati nijenge vyumba vya mawe, nilikipa kila chumba milango miwili: wa mbele, na wa nyuma unaotokea kwenye ujia wa kukimbilia moto ukizuka.

Mke wangu, mzaliwa wa Riruta, mtaa jirani, anayejua ploti kuliko mimi, aliutazama mchoro akaguna.

"Huo ujia ungetoa vyumba viwili zaidi. Na watu wataujaza vitu."

"Hawataujaza. Nitaandika ukutani."

"Sawa, injinia."

Akiniita injinia nyumbani, ujue nimeshashindwa ila bado sijaambiwa.

Wapangaji walipozoea, nikatangaza zoezi la moto. Jumamosi mchana nilisimama getini na kofia yangu ngumu ya ujenzi, nikapuliza filimbi. Walitoka wote kwa mlango wa mbele, polepole, wakibeba mitungi na kuuliza kama maji yamerudi.

Nikaenda kukagua ujia. Mama mmoja wa Kitui alikuwa ameugeuza mlango wake wa nyuma kibanda cha chapati, na jirani yake fundi viatu alikuwa ametandaza kazi yake chini. Nilijaribu kupenya kati ya jiko na gunia la viazi, nikakwama kiunoni.

"Niaje, landilodi," mama alisema, akiendelea kusukuma unga. "Nikufungie ngapi?"

"Hii ni njia ya dharura!"

"Basi pita."

Sikuweza. Wateja wawili walinivuta mikono mpaka nikatoka. Kofia ilibaki kwenye viazi.

Nilifika nyumbani nimefura, nikitaka kuwapa notisi ya kuhama wote wawili. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Daraja likipitwa na watu wengi kuliko ulivyopanga, unafukuza watu?"

"Hapana. Unalipanua."

Akaniletea ule mchoro na penseli.

Nikabomoa chumba cha mwisho, nikakifanya uwanja wa biashara wenye paa, mama wa chapati na fundi viatu wakahamia hapo, na ujia ukabaki mtupu. Landilodi wenzangu walinicheka waziwazi. Lakini tangu hapo, chumba kikiachwa asubuhi, jioni kina mtu, maana kila mpangaji anataka kuishi karibu na wateja wake. Mmoja wa waliocheka alikuja kuniuliza wazo nililitoa wapi. Nilimweleza kirefu kuhusu mtiririko wa watu na uzito wa mizigo, mke wangu akiwa kando yangu, anatafuna chapati.

Zoezi la pili lilifana. Wote walitoka kwa nyuma, haraka, wakajipanga barabarani na watoto wao. Mpita njia mmoja akasimama, akawaonea huruma.

"Poleni sana. Landilodi amewafukuza?"

"Ndiyo," mama wa chapati akajibu, akininyooshea kidole. "Ni huyo hapo."