Bakuli Lililorudi Tupu

Nilirudisha vyombo kumi na kimoja kwa siku moja, na vyote vilirudi vitupu. Kwa majirani zangu wa Matisi, mtaa wa Kitale, hilo ni kosa. Kwa shangazi yangu wa Kamukuywa ni vita. Mtu akikuletea ndengu kwenye sahani yake, sahani hiyo huirudishi hivi hivi. Utaweka hata nyanya mbili. Mimi sheria hiyo niliijua kuliko wengi, maana nilikuwa nimeiandika.

Naam, nimeiandika. Tangu sekondari nilikuwa na daftari la jinsi ya kuishi na watu. Cheka wenzako wakicheka, ila usiwe wa kwanza. Ukiulizwa kama uko sawa, jibu "niko sawa", hawataki maelezo. Mtu akikukaribisha chai huku anafunga mlango kwa kufuli aondoke, ni adabu tu, usikubali. Hiyo ya mwisho nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nne, na kazi yangu pale Kitale ilikuwa kuhesabu mbegu za mahindi zilizoota kwenye trei, mia mia, kazi ambayo wenzangu waliikimbia na mimi niliipenda kupita kiasi. Mbegu haikuulizi mbona humwangalii mtu usoni. Lakini baada ya kuigiza mtu wa kawaida kutwa nzima, jioni nilikuwa nalala sakafuni bado nimevaa viatu, nikiwaza kwamba dunia ina watu wa kutosha bila mimi. Mwaka baada ya mwaka wazo hilo likanona.

Ndipo nikapanga kufa. Kupanga ndicho kipaji changu, sijisifu. Niligawa unga, sukari na mafuta. Nikakunja nguo, nikabandika karatasi zenye majina ya watakaozichukua. Nikarudisha vyombo vya watu. Na hakuna aliyeshtuka! Mimi nimebandika karatasi maisha yangu yote, hata kwenye mkebe wa chumvi. Jirani alipochukua sufuria yake alicheka tu: "Si umeanza usafi wa Krismasi mapema!" Bosi akaniuliza kama niko sawa. Nikajibu kama daftari lilivyosema.

Bakuli la shangazi nilimpa mama mmoja anayeuza vitunguu soko la Kamukuywa, amfikishie. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi nikasikia sauti langoni.

"Yuko wapi huyu mutoto wa ndugu yangu? Leo atanieleza!"

Wapangaji wa ploti nzima wakatoka nje. Shangazi alikuwa ameliinua bakuli juu, kama mtu anayeonyesha ushahidi kortini.

"Nani alikufunza kurudisha bakuli ya mtu namna hii? Hata ndizi mbiri ulikosa? Si mimi nilikuletea simsim imejaa hapa? Ati kwa sababu unakaa Kitale umekuwa mzungu!"

"Pole, shangazi. Hakukuwa na kitu."

"Hakuna kitu aje?"

Akanipita mlangoni akaangalie mwenyewe. Akafungua mkebe wa sukari, akafungua wa unga, akafungua wa majani chai, na kila mkebe ulimpunguzia sauti. Akaziona nguo. Jina lake lilikuwa juu ya sweta yangu ya bluu. Akaketi kitandani, bakuli mapajani.

"Mama," akaniita, maana nimerithi jina la mama yake. "Wewe husahaungi sheria. Mimi ndiye nasahau, unanikumbusha. Sasa niambie ukweli. Unataka kujiua?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Daftari langu halikuwa na jibu la swali hilo. Na mimi nikiulizwa kitu waziwazi hujibu waziwazi, sijui njia nyingine.

"Ndiyo. Alhamisi."

Akanitazama. Machozi yakamlengalenga.

"Alhamisi hapana. Niko na chama ya akina mama."

Nikacheka. Sikusubiri mtu aanze, nilicheka tu mpaka nikapaliwa. Naye akacheka huku analia, akanibana mkono kwa nguvu nisizozipenda, na nikamwacha anibane.

Hakuniacha peke yangu hata dakika moja. Siku hiyo hiyo alinipeleka hospitali Bungoma, na pale dirisha la mapokezi akatangaza mbele ya foleni yote, "Huyu anataka kufa, na mimi sitaki." Tulipitishwa haraka sana. Baada ya kwenda na kurudi wiki kadhaa, daktari aliniuliza habari za utoto wangu: kelele, lebo za nguo, marafiki. Nusu ya maswali shangazi alinijibia. Ndipo daktari akalitaja neno usonji, hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo. Akasema wengi wetu tunazeeka bila kujua, na kule kujificha kila siku kunatuchosha mpaka mawazo ya kujiua yanatuandama kuliko watu wengine; na kwa kuwa tunaonekana wazima, hakuna anayeuliza. Nilitaka kumkumbatia, lakini mimi sikumbatii watu. Nikampa hongera. Akasema asante, ingawa nadhani hakujua ni ya nini.

Nilitoka pale nikirukaruka. Nilimwambia muuza mahindi. Nilimwambia askari wa geti.

"Niko na usonji!"

"Pole, bana. Itaisha?"

"Haiishi!" nikamjibu, nimejaa furaha.

Sasa nakula chakula cha mchana peke yangu kando ya trei, kwa ruhusa ya bosi. Daktari bado naenda kumwona. Na kila siku saa saba shangazi hunipigia, hasalimii, anauliza swali lile lile la siku ya bakuli, kwa maneno yale yale. Mara moja aliuliza kwa sauti kubwa akiwa matangani, waombolezaji wakamgeukia. Nikisema "leo hapana," anajibu "haya" na kukata.

Jumatano iliyopita simu ilinikuta mbele ya duka la viatu mjini. Siku ilikuwa imeniharibikia tangu alfajiri, hata trei nilizikimbia.

"Leo ndiyo, shangazi."

"Uko wapi?" Nikamwambia. "Simama hapo hapo. Usitoke. Nakuja."

Nikasimama. Mwenye duka akaniletea kiti, nikakataa, niliambiwa nisimame. Mvua ikaanza, watu wakakimbilia chini ya paa. Mimi nilikuwa nje ya paa kwa hatua mbili.

"Ingia, madam, unanyeshewa!"

"Siwezi. Nimeambiwa nisitoke hapa."

Akaniangalia, akaingia ndani, akarudi na mwavuli akanishikia. Saa nzima ikapita hivyo. Kisha nikamwona shangazi ng'ambo ya barabara, amelowa chapachapa, anakuja mbio na kiatu kimoja mkononi, na nikafurahi, nikafurahi kweli, kwamba nipo nimwone.