Kikombe cha Mutinda

Kuna jioni moja, mwanangu, naikumbuka vizuri hata siku hizi ninaposahau nimeweka wapi funguo za gari. Nilikuwa nimepita mtihani wa unesi, najiona mtu wa maana kweli. Nikampigia simu binamu yangu Mutinda, nikamwambia leo hatuli ugali nyumbani kwangu hapa mtaani Crystal, leo nakupeleka mjini kwenye baa ya Wajapani.

Mutinda alisita. Wakati huo mkewe alikuwa amechukua watoto wao wawili akaenda kukaa na dada yake kwenye mji wa Apple Valley, na alisema atarudi akiona pombe imeachwa kweli. Mutinda alikuwa amemaliza miezi saba bila kuonja. Hayo yote niliyajua. Kwenye gari aliniambia, "Mimi nitakunywa chai tu." Nikamjibu sawa, huku moyoni nikisema huyu naye ameanza mahubiri.

Baa ilikuwa ndogo, ina joto zuri, na nje theluji imefika magotini. Tukaketi kaunta, mbele ya mama Mjapani mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akigeuza mishikaki ya kuku juu ya makaa. Huko chakula huja kidogo kidogo, sahani moja mnakula pamoja, na hilo lilitupendeza, tukacheka kama zamani. Kisha ikaja pombe ya mchele iliyopashwa moto, na vikombe viwili vidogo. Mwenzangu wa kazini alikuwa amenifunza kwamba Wajapani hawajimiminii wenyewe. Unamwangalia jirani yako, na kikombe chake kikiwa kitupu unamjazia. Basi nikajifanya mjuzi. Nikammiminia Mutinda.

"Hapana, ndugu yangu," akasema taratibu.

Sasa wewe umekulia hapa ugenini, labda hujui. Kwetu mgeni akikataa mara ya kwanza ni adabu tu, unamsihi mpaka akubali. Nami nikamsihi. Nikamwambia ni kidogo tu, onja, mkeo hayuko hapa. Hebu fikiria, nilimwambia mkeo hayuko hapa. Nikaongeza kwamba kama ananipenda atakunywa kwa ajili ya mtihani wangu. Akakishika kile kikombe, akaanza kukiinua, na mimi nikacheka.

Yule mama hakubishana nami. Alinyoosha mkono, akakitoa kikombe mkononi mwa Mutinda kwa upole, akaimwaga pombe, akakisuuza, akakijaza chai na kumrudishia kwa mikono miwili. Ndipo akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mwenzako ameshakujibu," akaniambia kwa Kiingereza, akarudi kwenye mishikaki yake.

Tulilipa, tukarudi kwenye gari. Nilipowasha injini, Mutinda akaanza kulia, mwanaume mzima.

"Musyoka," akasema, "nilikuwa nimeshakubali. Yule mama angechelewa kidogo tu, ningekunywa."

Mwanangu, niliona aibu ambayo mpaka leo haijaisha. Nilizima gari, nikamkumbatia, nikamwomba msamaha, tukalia wote wawili kwenye baridi ile. Mkewe alirudi nyumbani kabla mwaka haujaisha. Watu hunisifu kwamba nilisimama na binamu yangu, nami huwa nainamisha kichwa, kwa sababu nakumbuka nani alimtetea.

Najua Ijumaa mnatoka na wenzako wa kazini. Nenda, kula, furahi, sikukatazi. Lakini mtu akikuambia ameacha, mwamini mara ya kwanza. Usimuulize sababu mbele za watu, wala usimpime uone kama ni kweli. Kusihi ni tabia nzuri tukiwa na ugali na nyama. Kwa mtu anayepigana na kitu kinachotaka kumwangusha, wewe unayemsihi unakuwa upande wa kile kitu, hata kama unampenda kama nilivyompenda Mutinda.

Mungu akupe marafiki watakaokusikia ukisema hapana kwa sauti ndogo, na akufanye wewe uwe mmoja wao.