Mutura ya Mama na Hagisi ya Morag

Harufu ya samaki aliyekaushwa kwa moshi, akitokota katika maziwa pamoja na viazi na vitunguu, ilitupokea ngazini mwa jengo letu la Tottenham kabla hatujavua makoti. Majira hayo ya baridi mama yetu, muuguzi mzaliwa wa Nyeri, alifanya kazi kwa zamu, na mimi na mdogo wangu Wanja tulishinda kwa jirani wa ghorofa ya juu, Morag, mjane wa Kiskoti. Mezani pake tulijua supu ile nzito, uji wa oti uliotiwa chumvi badala ya sukari, na hagisi, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na kupikwa ndani ya tumbo la kondoo mwenyewe. Siku hizi wasafiri hushauriana kuvionja vyakula hivyo angalau mara moja. Nyumbani kwetu vilikuwa tishio, kwa kuwa Wanja, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa ameacha kula chakula cha mama.

Jioni moja mama alikuja kutuchukua, sare ya hospitali ikionekana chini ya koti.

“Wanja, vaa viatu. Nimekupikia.”

“Nimeshiba, Mum,” Wanja akajibu kwa Kiingereza bila kuinua uso. “Cha Anti Morag ni kitamu zaidi.”

Morag, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akamsogezea mama sahani ya hagisi. Mama akatafuna polepole kama hakimu. “Hii ni mutura,” akatuambia kwa Kiswahili, ili mwenyeji asielewe, “ila imenyimwa damu na pilipili.”

Jumamosi iliyofuata aliamua kupika mutura yenyewe: alitafuta utumbo wa mbuzi sokoni, akambembeleza mchinjaji ampe damu, akauosha utumbo hadi vidole vikakunjamana, akaujaza damu, nyama na pilipili, akauchemsha, kisha akauoka huku madirisha yote yako wazi katika baridi ile. Akamwalika Morag. Sijaona tena chuki iliyopangwa mezani kwa adabu namna ile. Morag alikula kipande, akaomba kingine, akasema nyanya yake pia alijaza damu utumboni.

“Basi nyanya yako alijua kupika,” mama akasema.

Akamkatia Wanja kipande. Wanja akageuza uso. Morag akakichukua kipande kilekile, akakipuliza, na mtoto akafungua mdomo. “Kitamu,” akasema, akimtazama Morag. Mama akainuka, akaenda kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Wako wanaohubiri kwamba wivu wote ni uchafu wa moyo. Mimi, ambaye ni mkali kwa makosa mengi, siwezi kuulaani wivu ule; mama alikuwa akipigania nafasi yake. Leo mwanangu anakula peke yake chumbani, kutoka kwenye kisanduku kilichoachwa mlangoni na mwendesha pikipiki asiyevua kofia ya chuma. Nikipika, ananiambia kwa upole kwamba atakula baadaye. Nimemsikiliza kwa makini miezi mingi, nikisubiri jina la mwanamke anayemlisha vizuri kunishinda, ili nami nipande ngazi nikamtazame usoni. Hakuna jina. Mama alikuwa na mpinzani aliyempenda mtoto wake, na kwa hilo namwonea mama wivu hadi leo.