Nililinganisha msitu wa Julai na wa Septemba, Anko Kassim akaniletea mkasi

Wakuu, heshima zenu. Haya nimeyatoa kwenye diary yangu, chumvi sijaongeza hata punje.

Ilianza Jumanne, saa kumi na nusu jioni, mwaka 1998, nyumbani kwetu hapa Guangzhou, China. Niko form three, na daftari naliongelesha kuliko watu.

Mwalimu wa jiografia alimpa kila mmoja picha mbili za satellite zilizopishana miaka kumi. Zangu zilikuwa za kaskazini kabisa mwa dunia, pale miti inapokoma ikabaki baridi tupu. Kwenye picha hizo majani mabichi huonekana mekundu. Swali: msitu unasogea? Asiyesimama mbele ya darasa kueleza, hapandi kidato.

Picha ya zamani nyekundu tele. Mpya, kijivu.

Nikaandika kurasa nne kwamba msitu umekufa. Nilipozisoma nikalia mwenyewe.

(Miti yenyewe sijawahi kuiona. Wala theluji, ukiacha ya kwenye friji.)

Baba, wakala wa mizigo, alikuwa na mgeni, Anko Kassim, muuza mikoba. Anko akazitupia jicho picha zangu, akahukumu: Warusi wamekata miti, huko sasa ni joto, kwa hiyo yeye atawapelekea kandambili. Alikuwa serious kabisa.

Baba akafanya kama anavyofanya Shiling, mkaguzi wake wa mizigo, akikagua mikoba. Akazigeuza, akasoma nyuma.

"Mwanangu, hii ya Julai. Hii ya mwisho wa Septemba, huko majani si yameshapukutika? Umelinganisha sample na mzigo wa msimu mwingine."

Mwaka niliuona, wakuu. Mwezi sikuutazama.

Anko akanionea huruma. Akaniletea mkasi, ule anaokatia lebo ili mikoba yake iwe ya Italia.

"Kata hapo penye mwezi, binti. Mteja gani anageuza?"

Baba akakohoa tu, akaniachia niamue mwenyewe.

Nilichojifunza: kabla hujaulilia msitu, soma tarehe. Na mtaalamu mwenye haraka, muulize anauza nini. Semeni hapo chini, nyie mngeukata huo mwezi?

Asubuhi yake nilisimama mbele ya darasa. Nikasema kurasa zangu nne ni bure, miezi haifanani, msitu unakwenda wapi sijui.

Kisha nikasikia picha zinageuzwa, dawati kwa dawati, kila mtu anatafuta mwezi.

Mwalimu naye akageuza zake.

Nikaenda kukaa.