Kombe ya Mama na Kombe ya Kriketi

Kwetu Kindu neno kombe liko na maana mbili. Ukimwambia kijana "kombe", anafikiri mupira, ile kitu ya feza yenye kapiteni anainua juu. Ukimwambia muntu wa umri yangu, mwenye alizaliwa katika nyumba ya waislamu, anafikiri kwanza dawa: mwalimu wa madrasa anaandika maneno ya Kuruani na zafarani ndani ya bakuli nyeupe, anaosha maandiko na maji, mugonjwa anakunywa ile maji. Maana hizo mbili ziliishi pamoja bila ugomvi. Zilipigana siku moja tu, na mama yangu njo alilipa.

Bakuli yake ilikuwa ya kauri, na mustari ya buluu pembeni, na ufa mwembamba kama unywele. Babu yake aliitoa pwani, wakati wa biashara ya zamani. Wazee wanasema aliibeba kichwani. Kichwani mwa nani, hapo wananyamaza. Mimi ninasema: watu wa pwani hawakubeba muzigo yao wenyewe. Basi, tuache. Nilisoma madarasa matatu tu, nikishika njia ya pembeni munivumilie.

Wakati wa vita treni ilikatika, duka za dawa zikabakia na makopo tupu, na watu wakarudia bakuli ya mama. Baba mudogo alikuwa mwalimu, alikuwa anaandika. Mama alikuwa anaosha na kunywesha. Hata katekista mumoja wa kanisa alikuja. Alipitia nyuma, kwenye shimo la takataka, ili tusimuone, na sisi wote tukamusalimia. Sisemi kombe iliponesha kila muntu. Ninasema hakukuwa kitu ingine.

Halafu askari wa amani wakafika, wa nchi mbili za Asia zenye hazipendane tangu zamani. Hapa kwetu walikuwa wanakula pamoja, lakini kwa kriketi walikuwa wanatazamana kama wake wenza. Tulikuwa tunawaangalia: muntu anashika ubao kama mwiko wa bugali, mwingine anamutupia kampira kekundu, kagumu kama mbegu ya ngazi ya mawese, na jua linapita juu ya kichwa bila muntu kujua nani ameshinda. Siku ile ekipe za taifa za nchi zao zilikuwa zinashindania kombe huko kwao, na wao wakataka kufanya vile vile huku. Kombe hawakuwa nayo.

Wakamutuma mukalimani wao, kijana wa avenyu yetu, atafute. Akaingia kwa mama.

"Mama, wakubwa wanaomba kombe. Juu ya mechi."

"Wote wawili?"

"Wote wawili wanaitaka, mama. Lakini itakunywewa na mumoja." Alikuwa anachekesha, unajua. Kijana wa maneno mengi.

Mama hakuona cha kucheka. Hata ekipe zetu za mupira zilikuwa zinakunywa kombe mbele ya mechi, na wale askari wengine aliwaona muskitini Ijumaa. Alifurahi. Akamwita baba mudogo, naye akaandika, na bakuli ikaenda na zafarani ingali mubichi.

Askari walimwaga ile zafarani. Waliisugua na sabuni, wakaiweka juu ya meza, wakafunga utepe. Jioni kapiteni mwenye alishinda akaiinua, wenzake wakapiga mikono, wakapiga foto. Mama alisimama pembeni na kitambaa yake, anangojea wamalize, amurudishe mutoto wake nyumbani. Ndiyo, bakuli alikuwa anaiita hivyo.

Mukalimani akaja, macho chini.

"Mama, kombe inabakia na mwenye alishinda. Njo sheria ya muchezo."

"Mimi nilicheza na nani?"

Mama akamuuliza tena, polepole: "Mutoto wangu, waulize. Mimi nilicheza na nani, hata nikashindwa?"

Wakamuletea boksi ya biskuti. Kapiteni mwenyewe aliileta, kwa heshima, mukono juu ya kifua. Alizani mama aliwapa zawadi. Bakuli ikapanda ndege pamoja naye.

Kisha, wakati homa ilimushika mama mwenyewe, baba mudogo aliandika juu ya sahani ya plastiki. Zafarani ilikimbia pembeni kama mafuta juu ya maji. Mama akageuza uso. "Hiyo ni sahani ya kulia mboga ya sombe," akasema. Hakukunywa. Homa haikusema jina yake, kwa hiyo sijui kama bakuli ingemuokoa. Ninajua tu alikufa akiwa na kiu ya kitu yenye ilikuwa yake.

Leo mukwe wangu, mwenye anaendesha pikipiki ya kubeba watu hapa mutaa wa Kasuku, iko na telefone kubwa. Nchi zile mbili zikicheza ananiita, anajua ninapenda kuangalia. Siangalie muchezo. Ninangojea mwisho, kapiteni ainue mikono.

"Papa, hiyo ni ya feza," anasema. "Unafikiri watainua bakuli ya bibi mbele ya dunia nzima?"

"Hapana. Wanaweza kuwa wanalia wali ndani yake."

Anacheka. Mimi nilisema kweli. Bakuli ya kauri haiozi. Iko fasi moja katika nyumba ya muntu, juu ya kabati, na wageni wakiuliza, anawaambia aliishinda.