Mama Pazia Anatafuta Chumba

Bukoba ilimjua kwa jina la Mama Pazia, na yeye aliijua Bukoba kwa madirisha yake. Wapo wanaoujua mji kwa baa zake na wapo wanaoujua kwa makanisa. Jagruti, maana hilo ndilo jina lake hasa, ukimtajia nyumba yoyote ya zamani, angekwambia dirisha la sebuleni lina upana gani, lina nondo au halina, na mwenye nyumba alichagua pazia la maua au la mistari. Kwa miaka thelathini na nane alipita nyumba kwa nyumba na futi yake ya kitambaa shingoni, akapima, akashona, akatundika, akaaga. Watu walilala nyuma ya kazi ya mikono yake bila kumkumbuka hata siku moja.

Yeye mwenyewe aliishi katika nyumba ya Kihindi ya kale, kwenye mtaa wa maduka katikati ya mji. Duka lilikuwa mbele, na milango yake ya mbao ya kukunja. Baraza lilishikiliwa na nguzo mbili nono, nyuma kulikuwa na ua, na juu vyumba viwili vyenye madirisha marefu membamba. Kwenye paji la nyumba, chini ya paa, babu wa mumewe alikuwa amechora kwa saruji mwaka 1936, akiamini kabisa kwamba wajukuu wa wajukuu wake wangeusoma.

Wajukuu wenyewe wako wapi? Prabhudas, mume wa Jagruti, alifariki miaka tisa iliyopita, na Mungu hakuwajalia mtoto. Majirani wa jamii yao walishaondoka, huyu Mwanza, yule Kanada. Dharmesh, mtoto wa shemeji yake, alikuja kutoka Uingereza kuwasha moto wa mazishi ya Prabhudas, maana kwao maiti huchomwa, na anayewasha ni mtoto wa kiume au ndugu wa karibu. Alilia kwa dhati, akarudi kwake. Halafu ikaja kujulikana kwamba hati ya nyumba ina jina la baba yake Dharmesh, na mwaka huu nyumba ikauzwa. Mnunuzi alitaka kujenga ghorofa. Alimpa Jagruti muda hadi mwisho wa mwezi, kwa adabu zote, akamwita mama kila baada ya maneno matatu. Kumfukuza mtu kwa ulimi laini nako siku hizi kunaitwa ustaarabu.

Kwa hiyo Mama Pazia, mwenye umri wa miaka sitini na nane, akaanza kutafuta chumba.

Dalali wake aliitwa Derick, kijana mwenye simu mbili na haraka ya watu wanne. Kwanza alimpeleka kwenye nyumba mpya upande wa ziwani, yenye vioo vya buluu na vigae vya kuteleza. Jagruti akapima dirisha, kisha akajaribu kulifungua. Lilikuwa kioo kimoja kikubwa kisichofunguka.

"Sasa hewa inaingilia wapi?" aliuliza.

"Kuna feni, mama."

Walikwenda pia kwenye kibanda kizuri nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja Mlutheri. Pazia la sebuleni kwa mwalimu alilishona yeye, la rangi ya udongo, na bado lilikuwa linaning'inia. Mke wa mwalimu alimkaribisha chai, akamsifu, kisha akasema walikuwa wanatafuta mpangaji mwenye familia, maana nyumba ya mtu mmoja inakuwa kimya mno. Jagruti akasema anaelewa. Alielewa kupita yule aliyesema.

Mchana aliingia mgahawa uliokuwa karibu, akaagiza ndizi na maharage. Mapazia ya hapo pia alikuwa ameyashona, ila yalishaondolewa, na mahali pake pakabandikwa picha za soda. Alikaa meza ya watu wawili. Mara akaja mtu, akashika kiti cha mbele yake.

"Mama, hapa kuna mtu?"

"Hakuna."

Kiti kikabebwa hadi meza nyingine, kwenye kundi la watu waliokuwa wakicheka. Jagruti akala akiutazama ukuta. Upweke ulimkaba pale pale, saa saba mchana, jua likiwaka na watu wamejaa. Alimaliza ndizi zake zote kwa sababu mama yake alimfundisha kutobakiza chakula, la sivyo angeondoka.

Siku ya tatu Derick alimpeleka mtaa wa Kashai, kwa mjane mmoja aitwaye Benigna. Nyumba ilijengwa kwa Kikashai hasa: vyumba sita vikizunguka ua, kila kimoja kimeongezwa mwaka wake, matofali ya huku si ya kule, na hakuna dirisha lililofanana na jenzake. Mbele kulikuwa na kiduka cha sabuni na mafuta ya taa. Ndoo zilipangwa kwenye ua, redio inaongea, mtu anamenya ndizi mlangoni. Chumba cha nne kilikuwa kitupu. Dirisha lake lilikuwa la mbao, la kufunguka pande mbili, na lilitazama uani. Jagruti aliingia akapima kabla hata ya kusalimia: upana sentimita tisini na nne, urefu mia na kumi. Moyo wake ulikubali kabla ya kuulizwa.

Benigna alimletea kiti na punje za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi ya Wahaya kwa mgeni. Kisha akafungua daftari la wapangaji.

"Waitu, mama yangu, nina swali moja, usinichukie. Namba ya ndugu yako."

"Ya nini?"

"Alikuwepo mpangaji humu, Uledi, mvuvi wa kisiwa cha Goziba. Mtu mzuri, wa watu. Akafia chumba cha pili. Siku mbili tunapiga simu visiwani, hakuna anayejua kwao ni wapi. Nikamzika kijijini Kimwani, kwenye kibanja cha migomba cha marehemu mume wangu. Ukoo mpaka leo hawasemi na mimi, eti nimelaza mgeni katikati ya migomba ya wazee. Kwa hiyo siku hizi nauliza. Ukipatwa na la kumpata binadamu, tunakupeleka wapi?"

"Sisi tunachomwa."

"Najua. Kuni zitapatikana. Kiberiti nani atashika?"

Jagruti akatazama zile punje kiganjani. Akasema namba ataileta Alhamisi.

Aliporudi nyumbani alimpigia Dharmesh. Simu ikasema haipatikani. Akapiga asubuhi, akapiga adhuhuri, mwanamke yule yule wa mtambo akamjibu kwa sauti ile ile ya upole. Basi Jagruti akafanya kosa ambalo ni la mshona mapazia peke yake: chumba hakijawa chake, akakishonea pazia. Alitoa kitambaa cha mwisho dukani, cha njano chenye majani madogo, akakata kwa vipimo vya Kashai. Lilipokwisha alilitundika kwa muda kwenye dirisha lake refu ili alione. Lilikomea katikati. Chini yake mtaa wote ulionekana, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwani hapakuwa na wa kumsikia.

Alhamisi alifika Kashai na pazia kwenye mkoba na karatasi yenye namba. Derick hakuwepo. Benigna alimkaribisha, akasoma karatasi.

"Ndugu yako anaitwa nani?"

"Chanchal," alisema Jagruti. Lilikuwa jina la mama yake. Benigna akaliandika daftarini.

"Ngoja nimsalimie kabisa."

Jagruti hakuwa amelitarajia hilo. Alidhani namba huandikwa tu. Benigna akabonyeza, akaweka simu sikioni. Na ndani ya mkoba wa Jagruti, chini ya lile pazia, simu ikaanza kuita.

Ile ilikuwa laini yake ya pili, laini ya wateja, ambayo haikuwa imeita tangu Pasaka. Ikaita kwa nguvu. Mtu aliyekuwa akifua uani akageuza shingo. Jagruti aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke. Alingoja Benigna akate simu amwambie aondoke. Benigna hakukata. Alimtazama tu, simu sikioni, akingoja kama mtu aliyepiga mbali. Mwishowe Jagruti akaitoa simu, akapokea.

"Haloo."

"Haloo, habari za huko," alisema Benigna, macho kwa macho, bila kucheka. "Mimi ni mwenye nyumba, hapa Kashai. Kuna mama anataka chumba, ametoa namba yako. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Hana maneno. Anashona. Yuko peke yake."

"Akiugua, utakuja kumwangalia?"

"Nitakuja."

"Na ile siku nyingine? Ya kiberiti?"

Redio ya uani ilikuwa inatangaza hali ya hewa. Jagruti alijaribu kusema uongo mmoja zaidi, ukakataa kutoka.

"Siku hiyo," alisema ndani ya simu, "sitaweza."

Pengine Benigna aliufikiria ukoo wa Kimwani, pengine alimfikiria Uledi. Kisha akavuta daftari kwa mkono mwingine, akakata jina la Chanchal, na juu yake akaandika lake mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa za shule ya msingi.

"Basi siku hiyo niachie mimi," alisema. "Mwambie ahamie Jumamosi."

Akakata simu. Jagruti aliendelea kuishika yake sikioni kwa kitambo, ingawa upande wa pili hapakuwa tena na mtu.