Nilivyompoteza mgonjwa ndani ya linked list, zahanati ya Mji wa Kale

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Haya yalinikuta mwenyewe na chumvi sitii. Nimeona vijana humu wakijigamba kwamba data structures, yaani njia za kupanga data, ni za kukariri tu upite mtihani. Mimi kidogo zimuue mtoto wa watu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nasoma computer hapa kisiwani Mombasa. Tunafundishwa C++, mambo ya class na object. Mwalimu akataka kila mmoja aandike programu itumike mahali pa kweli. Bila hiyo, cheti usahau.

Nikapata zahanati ndogo Mji wa Kale. Foleni ipo lakini huioni: watu wamekaa barazani, wengine kivulini ng'ambo ya kichochoro. Ukifika unauliza, "Wa mwisho ni nani?" Unamshika huyo kichwani, basi. Mimi nikaona ushamba mtupu.

Nikaandika class yangu, Mgonjwa. Kila object, yaani kila mgonjwa, ina jina, na pointer ya kuonyesha anayefuata; mnyororo huo ndio linked list. Nikaweka computer mezani mlangoni, naita majina kama mtangazaji wa redio. Nilivimba kichwa wakuu, acheni tu.

Siku ya pili akaja mama na mtoto wa miaka kama miwili, kamfunika kanga, anahema mbio mbio. Nikamwandika nyuma ya mzee mmoja, Mzee Athumani. Baadaye, kabla hajaja mwingine, mzee akachoka kungoja, akaniambia nimfute. Nikabonyeza delete, nikaendelea kuita.

Akaingia mtu aliyekuja nyuma ya yule mama. Akaingia wa pili.

Mama akaja mezani. "Mwanangu, mbona hawa nimewatangulia? Mtoto yuwaka moto."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Mama, computer haikosei. Rudi ukae."

Akarudi akakaa. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba aliniamini.

Akaingia wa tatu. Ndipo nikasikia yowe. Mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, degedege! Mama anamwita tu, "Saidi! Saidi!" Daktari akatoka mbio, akamnyakua, mlango ukafungwa.

Nikatafuta jina la mama kwenye screen. Juu hadi chini, halipo.

Bi Khadija, aliyekuwa mbele ya Mzee Athumani, alikuwa keshaonwa na daktari, anangoja dawa dirishani. Akaja akanisimamia.

"Athumani alipoondoka aliniaga. Akampitia na huyu mama akamwambia, wewe sasa u nyuma ya Bi Khadija. Hicho kidude chako kilimwambia nani?"

Hakikumwambia mtu. Nilimfuta mzee, na mzee peke yake ndiye aliyekuwa akionyesha alipo mama. Waliokuja baadaye wakaungwa moja kwa moja kwa Bi Khadija. Mama na mwanawe wakabaki nje ya mstari. Niliruka mstari mmoja wa code: kumuunganisha wa mbele na wa nyuma kabla ya kufuta.

Nusu saa ile nilikaa sakafuni, nasikiliza mlango.

Ulipofunguka, mama amempakata mtoto, na mtoto analia kwa nguvu. Wallahi sijawahi kufurahia kilio namna ile. Nami nikalia.

Nikasimama nimuombe radhi. Yeye akaniwahi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapo kwenye dawa niko nyuma ya nani?"

Bi Khadija akanijibia. "Huna aliye mbele yako. Pita."

Watu wote wa dirishani wakasogea.

Nikazima computer. Wiki nzima nilikaa pale barazani naangalia tu watu wanavyoagana wakiondoka, ndipo nikarudi kuandika upya.

Ninachowaambia ni hiki: kabla hujamtoa mtu kwenye mstari, hakikisha aliye nyuma yake ana wa kumshika. Na mtu akikwambia mashine yako imekosea, inuka ukatazame.

Aliyewahi kuumiza mtu kwa code yake aseme hapa, hatutamcheka. Na nyinyi wa kukariri, nawangoja kwenye comment.